Kwa dada aliyeuliza kuhusu rafiki yake mcheza shoo

Pole sana dada, wewe na rafiki yako. Umeuliza aanzie wapi baada ya yule mwongozaji kumbaka usiku wa kurekodi video. Aanzie hospitali, leo leo. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72 tangu abakwe, na akiwahi zaidi ndiyo bora. Kama hajaoga, asioge kwanza. Nguo alizovaa, hata ile ya shoo, msizifue. Ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi. Pale hospitali ya Amana, Ilala, Dar es Salaam, kuna kituo cha mkono kwa mkono, yaani daktari, polisi na ustawi wa jamii sehemu moja, ili asisimulie upya kila dirisha. Akienda kituo cha polisi aulizie Dawati la Jinsia na apewe PF3, ile fomu ya polisi ya kujazwa na daktari.

Meseji za huyo jamaa, zile za "ukitaka nafasi njoo peke yako", zitunzeni. Kudai ngono ili umpe mtu kazi ni rushwa, kifungu cha 25, sheria ya TAKUKURU ya 2007.

Na nakuomba, asiulizwe na yeyote alifuata nini pale usiku. Alifuata kazi! Kaa naye kwenye foleni. Akikataa polisi kwa sasa, msimlazimishe, ila dawa asikose.