Maswali ya Wasomaji: Je, Nishike Majalada au Vikundi vya Vijana?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninafanya kazi katika asasi moja ya kiraia hapa Dodoma. Siku za kazi ninasimamia mashauri ya watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, na Jumamosi ninaongoza kikundi cha vijana balehe. Mkuu wangu anataka nichague upande mmoja, na wenzangu wanasema vikundi ni kazi ya michezo tu, haimpandishi mtu cheo. Isitoshe, Jumamosi iliyopita binti mmoja alieleza mbele ya wenzake jambo zito analotendewa nyumbani, nami sikujua niliandike wapi. Nifanyeje? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Dada yangu, nianze na binti huyo, kwa kuwa suala la cheo linaweza kusubiri na lake haliwezi. Aliyoyasema ni taarifa, na taarifa ya mtoto kudhuriwa haibaki kuwa mali ya kikundi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Sembuse wewe ambaye kazi yako ni hiyo. Ikiwa jambo lenyewe ni ukatili wa kingono, hesabu ni ya saa, si ya siku: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, kwa hiyo safari ya hospitali haingoji Jumatatu, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hujulishwa sambamba na hilo. Kama hujalifikisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, lifikishe leo kabla hujamaliza kunisoma.

Ulichosikia kiandike katika jalada lake peke yake, yaani faili la shauri lake, kwa maneno yake kadiri unavyoyakumbuka, na maoni yako uyatenge. Katika daftari la kikundi andika mada ya siku, waliohudhuria na mtakachofanya wiki ijayo, basi. Nimewahi kuona madaftari ya mahudhurio yenye maelezo ya kutosha kumtambulisha mtoto kwa mtaa mzima, yameachwa wazi juu ya meza ambayo kila mgeni hupita, na sidhani kama kuna uzembe mbaya kuliko huo katika taaluma hii.

Kinga yenyewe, hata hivyo, huwekwa kabla ya binti kufungua kinywa. Siku ya kwanza ya kikundi, vijana wanapotunga kanuni zao, mwezeshaji huwaeleza waziwazi mipaka ya usiri: kwamba yanayosemwa hapa hayatoki nje, isipokuwa pale mtu anapodhuriwa, anapokusudia kujidhuru au anapokusudia kumdhuru mwingine. Mada ngumu kama mimba za utotoni na ukeketaji, ambao katika mkoa wetu bado ni jambo la kweli na si hadithi ya zamani, zijadiliwe kupitia kisa cha kubuni, ili kijana aseme mawazo yake bila kulazimika kusema habari zake. Endapo mmoja atateleza na kuanza kueleza yake, usimhoji mbele ya wenzake hata kwa huruma. Mshukuru, mwambie kwamba mtazungumza mara baada ya kikao, na mwezeshaji mwenza akae karibu naye huku wewe ukiendelea na kundi. Ndiyo maana huwa nasisitiza wawezeshaji wawe wawili, ingawa wenye bajeti huliona jambo hili kuwa anasa.

Sasa nije kwa mkuu wako. Kwa maoni yangu, anakutaka ugawanye kitu kimoja. Usimamizi wa shauri, kwa hatua zake za kupokea taarifa, kutathmini, kupanga huduma, kutoa rufaa (yaani kumwelekeza mtoto kwa mtoa huduma mwingine), kufuatilia na hatimaye kufunga shauri, hukuonyesha mtoto mmoja na kaya yake. Kikundi hukuonyesha mtaa unaomlea. Unapofanya ziara tatu katika kaya tatu tofauti na kukuta mabinti watatu wameacha shule, unaweza kuandika mipango mitatu mizuri, lakini ni katika kikundi utakaposikia kwamba wote watatu waliahidiwa na mtu yuleyule kazi za ndani mjini. Kadhalika, kijana ambaye shauri lake limefungwa huhitaji mahali pa kwenda ambapo haitwi tena mteja.

Kwa hiyo mweleze mkuu wako kwa hoja za kazi, si za kupenda. Punguza idadi ya mashauri badala ya kuacha kikundi, na upange ratiba kwa kufuata majira yetu: mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, hivyo kuanzia Desemba vijana wengi, hasa wa vijiji vya pembezoni, huwa mashambani, na asasi inayoanzisha kikundi kipya wakati huo hujilaumu bure kwamba vijana hawapendi mafunzo. Kiangazi ndicho kipindi cha vikundi. Masika yatumie kwa ziara za kaya na kusafisha majalada.

Jambo moja la mwisho kwako. Miradi hukoma, na Januari 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa, ilionekana jinsi inavyoweza kukoma ghafla. Kila shauri ulilonalo liwe linajulikana kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri tangu siku linapofunguliwa, ili siku asasi ikifunga mlango mtoto awe na mtu anayelifahamu jina lake.

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita na ninataka kazi ya ustawi wa jamii. Je, ni sawa na maendeleo ya jamii? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Mdogo wangu, ni majirani, si pacha. Tangu Januari 2022 wamo chini ya wizara moja, ile ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, lakini afisa ustawi wa jamii hushughulikia mtu na familia yenye shida, ilhali afisa maendeleo ya jamii huhamasisha jamii na vikundi, vikiwemo vinavyoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa ustawi, chuo kikongwe ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwa maendeleo ya jamii wengi huenda Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Arusha. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira.

SWALI: Binti yangu wa miaka 15 huongea na afisa ustawi wa jamii. Je, nina haki ya kuambiwa yote wanayoyazungumza? (Mzazi, Chamwino)

JIBU: Mama, una haki ya kujua kama mwanao yuko salama, huduma gani zimepangwa na wewe unatakiwa kufanya nini, mpango mzuri huandikwa mkiwa pamoja. Kila neno alilolisema, hapana. Muulize afisa mbele ya binti yako ni mambo gani atakujulisha na yapi atayatunza, na kama afisa mwenyewe ndiye anayekutia mashaka, piga namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto na haina malipo.