Mtoto wa mwezi wa tisa Lubumbashi: kazi ya baba wiki za kwanza

Ndugu, umeuliza hivi: mke wako atajifungua katikati ya mwezi wa tisa, yaani Septemba, mko wawili tu hapa Lubumbashi, wazazi wenu wako mbali, na hujui baba anafanya nini nyumbani wiki za kwanza. Wengi wamekujibu habari za nguo na gharama za kujifungulia. Mimi nitakujibu hilo la kazi, kwa sababu binti yetu alizaliwa tarehe hizo hizo, nasi tunaishi Katuba, vyumba viwili chini ya mabati.

Kwanza ujue majira utakayompokelea. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imekwisha, mvua bado. Vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya sufuria. Mjini mijakaranda inachanua, na ukitoka njia ya Kipushi utaona miti ya porini inatoa majani mapya mekundu kabla tone la kwanza halijaanguka. Macho yanafurahi. Lakini kwa mtoto mchanga hayo ndiyo majira ya joto, na mwezi wa kumi ni mkali kuliko yote, huku wengi wetu bado tunamfunga mtoto kama vile ni mwezi wa saba.

Hapo ndipo tulipopata hofu yetu kubwa. Siku ya kumi na mbili, saa tisa mchana, nilirudi nikakuta mtoto amevishwa sweta, kofia na soksi, juu yake blanketi, mlango umefungwa ili upepo usimpate. Jirani mmoja mwenye nia njema ndiye aliyeshauri. Uso wa mtoto ulikuwa umeiva, nywele zimelowa, ananyonya mara mbili anaacha. Nikaweka kipimajoto kwapani: 37.9. Mkunga alikuwa ametuambia kwamba mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 37.5 hakuna kusubiri nyumbani, basi tukatoka mbio. Kituo cha afya muuguzi akamvua vyote, akabaki na nepi tu, akamlaza kifuani kwa mama yake anyonye. Alipompima tena ilikuwa 37.2. Hata hivyo hakuturuhusu kuondoka. Alihesabu pumzi zake dakika nzima, akatazama kitovu, akambonyeza ngozi kuona kama ana manjano, akatuweka mpaka giza likaingia. Namshukuru mama yule hadi leo. Joto la nguo na joto la ugonjwa yanafanana kabisa, na mtu wa nyumbani hawezi kuyatenganisha kwa kukisia.

Tangu siku ile nilizoea kumgusa nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, nguo moja inatoka. Mji wetu uko juu, kama mita 1,200 hivi, kwa hiyo alfajiri ya mwezi wa tisa bado ina ubaridi. Kofia na blanketi ni vya saa hizo. Mchana fulana moja ya pamba inatosha, na dirisha liwe wazi.

Sasa habari ya maji. Mama yangu alifika kutoka Kolwezi wiki ya tano. Kila mtoto alipolia alisema, "Mutoto iko na kiu. Mumupatie mayi, hata kijiko moya tu." Mke wangu alinyamaza, maana si rahisi kumbishia mama mkwe. Ikawa ni juu yangu. Sikutaka kumkatalia mama mbele ya mke wangu, na maji sikutaka yapite, kwa hiyo nilimwomba, "Mama, tusubiri siku ya mizani, twende wote." Wiki ya sita ndiyo chanjo inayofuata baada ya ile ya kuzaliwa, na siku hiyo wanapima uzito. Binti alizaliwa na kilo 3.1, mizani ikasema 4.3. Muuguzi akamgeukia mama yangu kwa heshima, akamweleza kwamba maziwa ya mama karibu asilimia 88 yake ni maji, kwamba maji ya kijiko yanajaza tumbo dogo bila chakula na yanaweza kuleta kuhara, na kwamba mpaka miezi sita hahitaji kitu kingine hata jua likiwaka vipi. Kisha akasema mwenye kiu ni huyu anayenyonyesha.

Mama hakujibu. Lakini kuanzia jioni ile, mtoto akiwekwa tu kwenye titi, nilisikia kifuniko cha mtungi kikifunguliwa, na nkambo, yaani bibi yake mtoto, anatokea na kikombe kikubwa cha bati kimejaa, anakishika mwenyewe mpaka mke wangu amalize. Usiku pia. Mkiwa wawili tu, kikombe hicho ni chako wewe. Mikono ya mke wako itakuwa imejaa mtoto, na kiu humshika palepale maziwa yanapoanza kutoka.

Kazi yangu nyingine ilikuwa pasi, na hii nakuomba usiipuuze. Hapa kwetu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa zikiwa kivulini au zimelala kwenye majani. Yai likianguliwa, kibuu kinaingia chini ya ngozi, unaona jipu lenye tundu dogo katikati. Mtu mzima anavumilia. Mtoto wa wiki mbili hapana. Dawa yake ni joto. Nepi, fulana, vikwembe (vitenge) vya kumbebea, shuka, vyote vinapigwa pasi pande zote mbili, na kwenye mishono na kamba za kiuno unakaa kidogo, maana huko ndiko mayai yanajificha. Umeme kwetu ulikuwa unakuja usiku wa manane au haufiki kabisa, kwa hiyo nilitumia pasi ya makala, yaani ya mkaa. Saa moja kila jioni, uani, nepi ishirini. Nikimaliza nilizikunja zikiwa bado na moto na kuziweka ndani ya mfuko uliofungwa. Mtoto hakupata jipu hata moja.

Mbabula, yaani jiko la makala, ibaki nje daima. Najua alfajiri utashawishika kuiingiza chumbani ili mtoto apate joto wakati wa kuoga. Makala hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na mapafu ya mtoto ni madogo. Sisi tulimwogesha saa sita mchana, jua likiwa limepasha hata maji ya beseni, dakika tano basi. Kitovu hatukupaka kitu chochote. Kilikauka kikadondoka siku ya nane.

Wageni watakuja, na wataleta sabuni, sukari, mchele. Wapokee vizuri, wanawe mikono, wakae uani. Mwenye kikohozi amwone mtoto kwa mbali. Wewe ndiye wa kusema hayo, usimwachie mke wako. Wakiuliza wasaidie nini, waambie wapike. Mama mnyonyeshaji ana njaa ya ajabu: bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), maharage, samaki, lengalenga (mchicha), uji wa karanga asubuhi. Mimi nilijifunza kusonga bukari mwezi ule, na kwa mara ya kwanza nikaelewa mkono wa mwanamke unavyochoka.

Na umwangalie yeye mwenyewe. Siku chache baada ya kujifungua mke wangu alilia bila sababu, karibu wiki nzima, kisha ikapita. Ingedumu zaidi ya wiki mbili ningempeleka kwa daktari. Damu ikilowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja, au akipata homa, au kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu, nendeni saa hiyo hiyo, hata usiku. Pesa ya gari la dharura niliiweka pembeni tangu mwezi wa nane, ndani ya kitabu cha kliniki, na sikuigusa kwa kitu kingine.

Cheti cha kuzaliwa: una siku 90 za kuandikisha mtoto komine, yaani ofisi ya serikali ya mtaa. Nenda mapema na karatasi ya hospitali.

Mvua ya kwanza kwetu ilikuja usiku, mtoto ana miezi miwili kasoro. Kabla yake, kwa wiki kadhaa, ni maembe mabichi tu yaliyokuwa yakianguka juu ya bati na kumshtua. Mvua ilipopiga mabati yote kwa pamoja alitanua mikono yote miwili, vidole vimefunguka, macho wazi gizani. Nikamwekea kiganja kifuani. Moyo ulikuwa unaenda mbio kama wa kifaranga, kisha pole pole mikono ikashuka, akalala fofofo mpaka alfajiri, usingizi mrefu kuliko wote aliowahi kulala. Asubuhi kumbikumbi walikuwa wamejaa mlangoni, mama yangu anawaokota kwenye beseni, na harufu ya udongo imeingia nyumba nzima.

Siku chache baadaye mbu walikuwa tele. Kwa hiyo chandarua kifungwe sasa, kabla hajazaliwa, na ukikague kama kina tundu. Pasi za makala utazipata soko la Kenya, komine ya hapa hapa Lubumbashi. Chagua yenye kifuniko kinachofunga sawasawa, cheche zisije zikaunguza nepi. Mke wako akijifungua, rudi utuambie uzito na jina.