Maswali ya wasomaji: hela ya TASAF ikishafika nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Mtwara na Lindi zinahusu ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii). Hazihojii kama hela inafika. Zinauliza inafanya nini ndani ya nyumba ikishafika.

Nina watoto wanne. Wawili wako shule ya msingi, wa mwisho ana mwaka na nusu. Tangu nianze kupokea TASAF, baba watoto haachi tena hela ya matumizi. Anasema, "Serikali inakulisha." Nifanyeje? (Mama, Tandahimba)

Mama, anza na hesabu, maana huenda baba watoto hajawahi kuiona kwenye karatasi. Tuchukue viwango ambavyo mpango ulianza navyo. Ruzuku ya msingi ilikuwa Sh 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye mtoto wa chini ya miaka 18 iliongezewa 4,000, na yenye mtoto wa chini ya miaka mitano anayehudhuria kliniki 4,000 nyingine. Kila mwanafunzi wa msingi alikuwa na 2,000. Kaya kama yako ingepata Sh 22,000 kwa mwezi, yaani 44,000 kwa malipo ya miezi miwili. Gawanya kwa siku 60: Sh 733 kwa siku, kwa watu sita. Hiyo hailishi nyumba, na yeye akiiona ataelewa. Viwango hubadilika awamu kwa awamu, hivyo mwombe mwezeshaji wa TASAF mchanganuo wa kaya yako, ufanye hesabu hiyo hiyo.

Mazungumzo yafanyike kabla ya siku ya malipo, hela ikiwa haijawa mkononi. Usimfiche kiasi. Wanawake wengi huficha wakidhani wanailinda, mume akisikia kwa jirani anaamini ni laki, ugomvi unazidi. Mgawane majukumu kwa majina ya vitu. Madaftari, sare, sabuni na unga wa uji wa mtoto vitoke kwenye ruzuku. Kitoweo, mafuta ya taa au umeme, na palizi ya mikorosho vibaki kwake kama zamani. Mtu akishakubali kitu kwa jina lake, ni vigumu kukitupa kwenye hela ya mwenzake.

Kuna utafiti uliofanyika Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Hela ilitolewa kwa mke katika baadhi ya nyumba na kwa mume katika nyingine, na watafiti hawakuona tofauti kubwa ya matumizi. Jina lako kwenye orodha ni haki yako, lakini halimalizi kazi. Makubaliano ya nyumbani ndiyo yanayobaki kufanywa, na sisi huku kusini tuna mtu wa kuyasimamia: mjomba. Mwiteni akae shahidi. Ila na yeye aambiwe mapema kwamba hela hii haiingii kwenye unyago wa likizo ya Desemba.

Akikunyang'anya hela au kukupiga, hapo si suala la kikao cha ukoo. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Kila Februari hela inaisha ndani ya wiki moja. Nakopa kwa watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho nje ya ushirika, nalipa korosho Oktoba. Mwaka unaofuata ni yale yale. (Mama, Newala)

Hili ndilo linalotuuma kuliko barua zote, kwa sababu hapa ndipo ruzuku ndogo inaweza kufanya kazi kubwa.

Tuseme umekopa Sh 20,000 Februari kwa ahadi ya kilo 20 za korosho. Mnada wa chama kikuu cha ushirika ukifunga kwa Sh 2,500 kwa kilo, umelipa 50,000 kwa mkopo wa miezi minane. Tena mnunuzi wa kangomba anapima kwa bakuli lake, si kwa mzani wa AMCOS (chama cha ushirika cha msingi), hivyo kilo 20 za bakuli mara nyingi zinazidi 20 za kweli. Na biashara hiyo imepigwa marufuku. Mkizozana, huna pa kumshtaki.

Dawa ya Februari inanunuliwa Juni na Julai, mahindi yakiwa mapya na bei iko chini. Katika malipo ya miezi hiyo, kabla ya kitu kingine, nunua debe mbili za mahindi, na debe mbili nyingine kwenye malipo yanayofuata. Debe moja la mahindi makavu ni karibu kilo 18, kwa hiyo utakuwa na kilo 72 hivi. Kaya ya watu sita ikichanganya na makopa (mihogo mikavu), hiyo inavuka miezi mibaya miwili.

Mahindi hayo huharibika kwa sababu ya unyevu na dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi. Unyevu upime hivi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na kijiko cha chumvi kavu, funika, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, yatie kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Funga kila tabaka peke yake, kwa nguvu, na usiufungue hadi Januari. Wengi hukosea hapo: wanafungua kila wiki kuchota, hewa inaingia, dumuzi wanazinduka. Ya kula sasa yaweke kando.

Kama uko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, ombeni mgao wa mwisho wa mzunguko uangukie wiki ya kwanza ya Januari. Vikundi vingi huvunja wakati wa korosho, kila mtu akiwa na hela tayari, nazo zinaishia kwenye ngoma. Januari kuna sare za shule na ghala linaanza kupungua. Hapo mgao una maana.

Malipo yaliyopita yamepungua na sijaambiwa sababu. (Mama, Masasi)

Sababu za kawaida ni mahudhurio na majina. Mwanafunzi anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za shule, na mtoto mdogo apelekwe kliniki kwa ratiba yake. Lakini mara nyingi mtoto alihudhuria, fomu ya mahudhurio ndiyo haikujazwa, au alihama shule na taarifa haikuhama naye. Nenda shuleni na kliniki kwanza, ukitazame chenyewe kilichoandikwa. Kisha peleka malalamiko kwa kamati ya jamii ya kijiji. Wasipojibu, nenda kwa mratibu wa TASAF halmashauri, ukiwa na kitambulisho cha mlengwa na kadi ya kliniki.

Unayelipwa kwa simu, laini iwe imesajiliwa kwa jina lako lile lile lililo kwenye daftari la mpango. Laini ya mume au ya mtoto hukwamisha malipo.

Hizi hela zinawafanya wanawake wazae na kunywa pombe. Kwa nini tusiopata tuzilipie kodi? (Msomaji wa kiume, Ruangwa)

Kaka, kwa viwango tulivyotaja juu, ile nyongeza ya mtoto ni moja kwa kaya, iwe ina mtoto mmoja au sita. Ya mtoto mdogo vilevile. Kuzaa tena hakuongezi kitu hapo. Kuhusu pombe, utafiti wa Siaya haukuona matumizi ya pombe wala sigara yakiongezeka. Katika majaribio ya ruzuku hii hapa nchini, wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kaya zilinunua mifugo, na watoto wakavaa viatu.

Uchungu wa kuachwa tunauelewa. Majina hutajwa kwenye mkutano wa kijiji na kurudishwa hapo kuthibitishwa. Uende, useme mbele ya watu ni kaya gani imeingia isivyostahili na ipi imeachwa.

Nalea wajukuu watatu. Nikibakiza kidogo nifuge nini? (Bibi, Nachingwea)

Shikamoo bibi. Kuku wa kienyeji, mitetea mitatu na jogoo mmoja. Mtetea huatamia siku 21, na vifaranga wengi hufa kabla ya miezi miwili, hasa kwa mdondo (ugonjwa wa kuku wa kuambukiza), mwewe na baridi ya usiku. Wafungie vifaranga na mama yao kwenye tenga kwa wiki nne, uwape pumba na dagaa waliosagwa.

Chanjo ya mdondo ni tone moja kwenye jicho moja, kila miezi mitatu, kwa kuku wote wakubwa kwa wadogo. Ifanywe alfajiri kabla hawajafunguliwa. Anayeumwa asichanjwe, haimsaidii tena. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wako, na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo changeni majirani watano au sita na mchanje siku moja. Mwambieni afisa mifugo wa kata wiki moja kabla, aje nacho kwenye barafu, na msisahau kuchanja kabla mdondo wa kiangazi haujafika.