Protini ipo, chanjo imekufa

SWALI: Shikamoo mfamasia. Niko zahanati huku Nachingwea. Leo nimekuta vichupa vya Penta (chanjo ya magonjwa matano, homa ya ini ikiwemo) na Td (ya pepopunda na dondakoo) vimebanwa kwenye ukuta wa jokofu wenye barafu. Havikuwa vigumu, na kimraba cha VVM, ile alama ya joto kwenye kichupa, bado cheupe. Mwenzangu anasema maabara wakiitenganisha protini ya chanjo na chumvi ya alumini iliyoishikilia wataikuta ipo, kwa hiyo tuchanje tu. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Wataikuta, na hapo ndipo mnapopotea. Maabara huongeza sodiamu sitreti mpaka ifike gramu 100 kwa lita, huacha kwenye nyuzi 37 kwa saa kama 16, kisha huzungusha kwenye sentrifyuji mpaka maji ya juu yawe maangavu. Sitreti huiyeyusha alumini ili iachie protini. Sasa chanjo ikiganda, kinachoharibika kwanza ni hiyo hiyo alumini: barafu huzibana chembe zake zikashikana mabonge, na mabonge hayarudi tena. Ukimimina sitreti umeyeyusha ushahidi wenyewe.

Na hiyo VVM, jamani, inapima joto tu! Chanjo igande iwe jiwe, kimraba kitabaki cheupe vilevile.

Fanyeni kipimo cha kutikisa, Penta peke yake na Td peke yake. Toeni kichupa kimoja cha kiwanda na bechi ileile, kiandikeni IMEGANDA, kilale kwenye friza usiku kucha mpaka kiwe kigumu. Kiyeyukie mezani, msikitie maji moto. Kishikeni mkono mmoja pamoja na kile cha mashaka, mtikise kwa nguvu sekunde 10 hadi 15, mviweke sambamba bila kuvigusa, mtazame hadi dakika 30. Kilichogandishwa hutuama mashapo kama machicha, juu maji maangavu. Cha mashaka kikituama sawa nacho au upesi zaidi, tengeni shehena hiyo, iandikwe ISITUMIKE, apewe taarifa mratibu wa chanjo wa wilaya. Kikichelewa kutuama, kitumike.

Kichupa kilichokutwa kigumu hakipimwi, hakina mjadala. Polio ya sindano nayo msiitikise hivi, haina alumini.

Joto la Lindi limewafanya watu waogope jua peke yake. Siku ya huduma ya mkoba wanapakia pakiti za barafu ngumu moja kwa moja toka friza, eti safari ndefu. Chanjo ya homa ya ini huweza kuganda karibu na nyuzi -0.5. Pakiti iachwe nje kwanza mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo iingie kwenye kikasha cha chanjo.