Mfumo wa joto umezima na nje kuna baridi kali: fundi mpya aanzie wapi

Ukiitwa kwenye nyumba ambayo mfumo wake wa joto umezima katikati ya majira ya baridi, utakuta watu wamevaa makoti sebuleni na kila mtu anakutazama wewe. Haraka hiyo ndiyo inayowaponza mafundi wengi wapya, wakaishia kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Nakuomba usianze na bisibisi, anza na maswali. Mashine ilizima ghafla, au kwa siku kadhaa ilikuwa ikiwaka na kuzima kila baada ya dakika chache? Kuna mtu aliyegusa swichi yoyote? Kuna anayeumwa kichwa?

Usije ukaliruka hilo la mwisho. Popote panapochomwa gesi, mafuta au kuni, kaboni monoksidi inaweza kuvuja, nayo haina rangi wala harufu. Inanasa kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Wenyeji wakikwambia wana kizunguzungu na kichefuchefu, na kwamba wakitoka nje wanapata nafuu, watoe wote nje na uite huduma ya dharura, mashine itasubiri. Ukisikia harufu ya gesi pia mnatoka. Usiwashe taa, usizime taa, na simu upige ukiwa nje, mbali na nyumba.

Kama hali ni salama, maliza yale mepesi. Termostati, yaani kidhibiti joto cha ukutani, iko kwenye joto, na imewekwa juu ya kiwango cha chumba? Betri zake zina nguvu? Swichi kuu ya umeme haijaruka? Kando ya mashine mara nyingi kuna swichi inayofanana na ya taa, na mtu anaweza kuizima bila kujua ni ya nini. Angalia pia mfuniko wa tanuri, yaani mashine inayopasha hewa moto na kuisukuma vyumbani: matanuri mengi yana swichi ndogo nyuma ya mlango, na mlango usipokaa sawasawa mashine haipati umeme kabisa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo ningependa utulie. Mashine hizi hufuata hatua zilizopangwa, na hakuna hatua inayoanza kabla ya ile iliyotangulia kuthibitishwa. Chukua tanuri la gesi la kisasa. Termostati inaita joto. Feni ndogo ya kutoa moshi inaanza kuzunguka. Swichi ya presha inahakikisha kwamba hewa inapita kweli. Kiwashio kinapata joto hadi king'ae, valvu ya gesi inafunguka, moto unashika, na sensa inathibitisha kwamba moto upo. Baada ya muda mfupi feni kubwa inaanza kusukuma hewa ya moto vyumbani. Simama mbele ya mashine, ongeza termostati, kisha utazame na usikilize bila kugusa kitu. Hatua iliyokwama ndiyo itakayokuonyesha pa kutafuta.

Tuseme feni ya moshi inazunguka lakini kiwashio hakiwaki. Fundi mwenye haraka atasema swichi ya presha imekufa. Mimi ningetoka nje kwanza nikaangalie bomba la kutolea moshi na lile la kuingiza hewa, maana theluji ikirundikana huyaziba, na ndege nao hujenga viota humo. Kisha ningeangalia kimpira kinachounganisha swichi na feni kama kimepasuka, na njia ya kutolea maji kama imeziba. Swichi iliyokataa kufunga, yaani kuunganisha umeme, huenda inafanya kazi yake vizuri kabisa, inakuambia moshi hauna pa kutokea.

Tuseme moto unashika, sekunde chache unazima. Hapo shuku sensa ya moto. Mkondo wa umeme unaopita kwenye mwali ni mdogo mno, hupimwa kwa mikroampia (sehemu za milioni za ampia), kwa hiyo utando mwembamba juu ya kijiti cha sensa unatosha kuuzuia. Kisugue taratibu kwa kitu laini cha kusugulia, na uhakikishe waya wa ardhi umekaza. Kiwashio chenyewe usikishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yanaweza kukiharibu.

Na kama moto unawaka vizuri, kisha baada ya dakika kadhaa unazima huku feni kubwa ikiendelea kupuliza? Tanuri limepata joto kupita kiasi na swichi ya kikomo imelikata. Toa chujio la hewa ulitazame kwenye mwanga. Ukikuta limejaa vumbi, umeshapata mtuhumiwa wa kwanza. Angalia na matundu ya vyumbani, watu huyafunga wakidhani wanaokoa mafuta.

Katika hali zote hizo utashawishika kuunganisha waya moja kwa moja ili kuipita swichi ya usalama. Usifanye hivyo ukaondoka, hata mwenye nyumba akikusihi. Pima kwa mita. Kwenye mfumo wa udhibiti wa volti 24, ukipata volti hizo kati ya ncha mbili za swichi wakati joto limeitwa, swichi iko wazi, haipitishi umeme; ukipata sifuri na umeme unafika, imefunga. Ukijua iko wazi, tafuta kilichoifungua.

Mashine ikijaribu kuwaka ikashindwa mara kadhaa, hujifunga isijaribu tena. Soma taa au namba ya hitilafu kabla ya kukata umeme, kwa sababu baadhi ya mashine huifuta. Kwenye mashine za mafuta, kitufe cha kuanzisha upya usikibonyeze tena na tena: kila mara mafuta hunyunyizwa ndani, na yale yasiyoungua yakija kushika moto kwa pamoja hulipuka kwa kishindo.

Boila, inayopasha maji moto, na rejeta za vyumbani ambamo maji hayo hupita, zina tabia zake. Maji yakiwa baridi, geji ya mfumo wa kawaida wa nyumbani huonyesha presha kati ya bar 1 na 1.5. Rejeta yenye baridi juu ina hewa. Yenye baridi chini ina tope. Ukitoa hewa, rudi ukaangalie presha tena. Presha ikipanda kuelekea bar 3 mashine ikipata moto, kisha ikashuka sana ikipoa, kagua tangi la upanukaji, lile linalopokea maji yanapotanuka kwa joto. Usiku wa barafu, boila ya kisasa ikigugumia na kuzima, fuata bomba dogo la maji machafu linalotoka nje: likiganda, limwagie maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka.

Pampu ya joto, ile mashine inayovuta joto kutoka nje na kulileta ndani, sehemu yake ya nje ikitoa mvuke na kuacha kupuliza kwa dakika chache, inajiyeyushia barafu, usiiguse. Ikiwa imefunikwa yote kwa barafu nene, izime, na barafu hiyo usiichokoe kwa kisu.

Kabla ya kuondoka, iache mashine iwake na kuzima yenyewe mara kadhaa ukiwa hapo. Fungua mabomba ya maji uone kama yanatoka, kwa maana maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua bomba. Jaribu kengele ya kaboni monoksidi. Kisha andika ndani ya mfuniko tarehe, ulichokuta na vipimo ulivyopata, ili fundi atakayefuata avione.