Ukitaja Livingstone, taja na nchi

Kazi yangu Kariakoo ni kukatia watu tiketi na kuwasafirishia vifurushi, na jina linalowachanganya wateja wangu kuliko yote ni Livingstone. Mwambie bodaboda wa hapa mjini "nipeleke Livingstone", atakushusha mtaa wenye jina hilo, hapahapa Kariakoo. Ukiandika kwenye simu ukaacha ile "e" ya mwisho, unaletewa Livingston ya Scotland, karibu na Edinburgh, au ya Montana kule Marekani, au ya Guatemala.

Mama mmoja aliniletea vitenge vya binti yake. Juu ya bahasha: "Livingston". Nchi hakuna. Namba ya simu ya mpokeaji ilianza na +260. "Mama, hii si namba ya Zambia?" Akanijibu, "Ndiyo baba, si ndiko alikoolewa!" Tukaongeza "e" na "Zambia" kwa maka pen nene. Kwa hiyo angalieni kwanza namba ya nchi iliyo mwanzoni mwa namba ya simu, haidanganyi.

Kwa msafiri: Livingstone ya Zambia ndiyo iliyo jirani na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale ya Victoria. Treni ya TAZARA kutoka Dar inaishia Kapiri Mposhi, haifiki hata Lusaka. Basi linalopitia mpaka wa Tunduma litakufikisha Lusaka, na kutoka hapo bado una kama kilomita 480 kwenda kusini. Weka akiba ya nauli hiyo kabla hujaondoka. Ukienda kwa ndege, tiketi inaweza kuandikwa Harry Mwanga Nkumbula. Usishtuke, ndio uwanja wa mji huohuo, alama yake LVI.

Wanafunzi nao huja kuniuliza, nami hufurahi sana. David Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813, na Blantyre ya Malawi imepewa jina la kwao. Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa chifu Chitambo, mbali kabisa na mji wa Livingstone, ambao ulianzishwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo andikeni "Dkt. Livingstone" au "mji wa Livingstone", msiliache jina peke yake. Na tafadhali, mkifika kwenye safari ya mwili wake hadi Bagamoyo, waandikeni Chuma na Susi kwa majina. Inaniuma kusoma "watumishi wake" tu, ilhali ndio walioongoza safari ile kwa miguu mpaka pwani yetu.