Kuuza programu huria si wizi
Yakhe, umewaita wezi vijana wawili wanaouza programu huria. Huyo wa kwanza wa Darajani, anaeuza flashi ya Linux (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta) elfu kumi, si mwizi, GPL, leseni ya programu hiyo, inaruhusu kuuza hata kwa laki. Huria maana yake uhuru wa kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, si bure, watu wanachanganya hapo kila siku. Wa pili ndio tabu, kachukua programu ya GPL kabadilisha rangi na nembo kawauzia wenye hoteli Nungwi, majina ya walioiandika kayafuta na akiombwa sosi kodi (maandishi yenyewe ya programu yalivyoandikwa) anasema eti siri ya biashara, huyo kavunja leseni, na asijifiche kwamba hayo mambo ya Marekani, Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki tokea 2003. Awape tu sosi kodi wateja wake na majina ayarudishe, flashi moja tu inatosha.